Jina Nililolifuta kwenye Pleti Nyekundu

Atieno wa kompyuta pale dukani amenikalia miezi miwili sasa. Kila akipiga simu ananiita Guka, yaani babu, na ni ile ile: andika, ukienda na hayo mambo yako tutamuuliza nani? Sawa, nimenunua daftari. Nyinyi mliobaki kwenye duka letu la kuchapa pale orofa ya pili, juu ya duka la rangi, mnajua shule niliiachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimekosea mpite tu, msiniletee kalamu nyekundu. Rangi nyekundu mimi nina shida nayo. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Siku yangu ya kwanza River Road nilipanda zile ngazi na viatu vya kuazima, kimoja kinabana na kingine kinatoka. Mzee Barasa ndiye alikuwa mkubwa wa mashine. Alikuwa mtu wa Kakamega, mrefu, anavaa tai chini ya ovaroli hata siku za kusafisha rola. Akaniuliza, "Unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Afadhali. Wale wanaojua sana wananichelewesha."

Wakati huo tulipanga herufi za risasi, yale madini mazito, moja moja, kwa mkono, na herufi za risasi zimegeuzwa kama uso kwenye kioo. Mimi nilijifunza kusoma vizuri hapo, kinyume. Mpaka leo maandishi yaliyogeuka nayasoma haraka kuliko gazeti. Marehemu mke wangu alikuwa akinicheka: ambulensi ikija mbele yetu, lile neno lililogeuzwa pale mbele, mimi nilikuwa nimeshalisoma kabla hajaona gari. Alisema nimeoa kioo. Haya, nimepotea, nirudi kwa Barasa.

Barasa alikuwa na jambo moja ambalo kila mmoja wenu amelisikia kwangu mpaka akachoka, nalo ni mstari wa chini. Kila kazi inayotoka, iwe kadi ya harusi au bango la siasa, chini kabisa kwa herufi ndogo kuna jina la duka letu na mtaa. Mnadhani ni sheria tu. Ni sheria kweli, lakini Barasa hakuipata kwa sheria. Miaka ile ya karatasi za chini kwa chini za kuipinga serikali, kabla sijajiunga naye, mtu mmoja alichapa karatasi kwa siri kwenye mashine yetu na hakuweka jina. Wakubwa wa polisi wakaipata, wakaiangalia, wakaona herufi K imevunjika mguu. Wakazunguka River Road nzima wakitafuta K iliyovunjika mguu. Walimpata Barasa, wakakaa naye kituoni siku tatu. Yeye karatasi yenyewe hata hakuwa ameiona.

Alinionyesha ile K. Aliiweka kwenye kopo la chai, peke yake. Akaniambia, "Ndung'u, mimi sitaki kutafutwa tena. Wakija, waje wakijua wanakuja wapi." Kisha akaniambia nikafagie.

Mkiniuliza kazi hii ilinifundisha nini, nitasema kuogopa. Kuna woga wa mkono kuingia kwa rola, huo ni mzuri, ushikeni. Halafu kuna huu mwingine.

Risasi ziliisha, ikaja ofseti. Ofseti mnaijua kunishinda, lakini niandike kwa sababu Atieno anasema hata wasiojua mashine watasoma. Kuna pleti ya bati yenye maneno. Pleti inalibusu blanketi la mpira, na blanketi ndilo linabusu karatasi. Kwenye pleti maneno yamekaa sawa, kwenye blanketi yamegeuka, kwenye karatasi yanakaa sawa tena. Na mashine yetu ni ya rangi moja, kwa hivyo kazi ya rangi mbili inapita mara mbili. Leo unapitisha nyeusi, unaacha ikauke, kesho unaosha rola na kupitisha nyekundu. Mvua ikinyesha wino haukauki, hapo unakaa ukipepea karatasi kama mama mwenye mtoto wa homa.

Uchaguzi ndio ulikuwa unatulisha. Nimechapa nyuso za wanasiasa mpaka nikawa naziota. Wote wanataka kufanywa weupe kidogo. Mmoja alitaka shingo ipunguzwe. Na nikajifunza kumjua atakayeanguka bila kuuliza mtu: ni yule anayekuja mwenyewe, peke yake, kuangalia karatasi ya majaribio. Wanaoshinda hatuwaoni. Wanatuma watu wanne, na hao wanne wanagombana wenyewe kwa wenyewe hapo kwa mlango.

Mwaka wa uchaguzi wa elfu mbili na saba akaja msichana peke yake.

Kabla sijamleta, lazima niseme habari ya Kiberiti. Miaka hiyo kulikuwa na mtu anaandika kwenye intaneti, anajiita Kiberiti. Hakuna aliyejua ni nani. Alikuwa anaandika mambo ya huko kwetu upande wa Muthangari na Spring Valley: nani amekata miti ya barabara, nani amezungushia mabati kiwanja kilichoachiwa shule ya watoto, diwani alikuwa wapi akiona hayo yote. Anaandika kwa mzaha, Kiswahili cha mtaa, unacheka kisha unanyamaza. Mimi kompyuta sijui, nilimsoma kwa karatasi. Makarani walikuwa wanamtoa kwa printa ya ofisi, karatasi inapita mkono kwa mkono mpaka inafika kwa mabawabu. Nilikuwa nakaa Muthangari, vyumba vya nyuma kwenye boma ambalo mke wangu alikuwa mpishi, na bawabu wa geti la jirani, Musyoka, alikuwa na Kiberiti wa wiki nzima amekunjwa ndani ya kofia. Ananisomea. Sote tulidhani Kiberiti ni mwanamume. Musyoka aliapa ni wakili mzee, mnene.

Basi huyo msichana akasimama mbele ya meza ya Atieno. Sweta ya kijani, mkoba wa shule. Akasema, "Sasa? Nataka mabango. Nasimama udiwani."

"Jina?" Atieno akauliza, vidole viko kwa kompyuta.

"Andika Kiberiti."

Atieno akasimamisha vidole. Mimi nikatoka nyuma ya mashine na kitambaa mkononi.

"Kiberiti gani?" nikauliza.

"Ako mwingine?"

"Huyo si mzee mnene?"

Alicheka mpaka akakaa. "Pole mzee, nimekuharibia."

Aliniambia jina la kitambulisho, Judith Nekesa, karani kwenye ofisi ya bima, anakaa nyumba ya kupanga huko huko Muthangari. Alikuwa amepata chama kidogo chenye alama ya birika. Nikamuuliza kama ana watu. Akasema ana wengi sana, juzi ameandika kwamba atasimama na mamia wamejibu wako nyuma yake.

"Wanakaa wapi?"

"Wengine Dallas. Wengine London. Mmoja ako Oslo, huyo hakosi hata siku moja."

"Huko Oslo kuna kituo cha kupigia kura?"

"Mzee, usinianze."

"Na Muthangari?"

Akavuta mkoba. "Wako. Lakini watu wa intaneti hawasemangi wako wapi."

Nilimwonea huruma, na niwaambie ukweli, nilimwogopea. Alikuwa amemchokoza diwani na watu wa mabati mwaka mzima, na kilichomlinda ni kwamba hakuwa na uso. Sasa ananiomba mimi nimpe uso, karatasi elfu moja.

Tukabishana habari ya jina. Yeye alitaka KIBERITI peke yake, na birika. Nikamwambia, "Mama, karatasi ya kura haitaandika Kiberiti. Itaandika kama kitambulisho. Watu wataingia pale ndani wakitafute kiberiti, wakikose."

Akasema, "Kwa intaneti sina kabila, mzee. Wanabishana huko, mmoja anasema mimi wa huku, mwingine wa kule, mpaka nachekea mkononi. Nikiweka Nekesa, wameshanipeleka Bungoma. Na unaona vile mwaka huu uko."

Nilikuwa naona. Lakini nilimkazania. Nilimweleza kama fundi anavyoeleza, na mwishowe akakubali: KIBERITI kubwa, chini yake Judith Nekesa ya kiasi, kisha birika, kisha mstari wetu wa chini. Uso ukawa wa nyeusi, maneno yote yakawa pleti nyekundu. Kumbukeni kwamba ni mimi nilimshawishi aweke hilo jina.

Ijumaa nikapitisha nyeusi. Elfu moja ya uso wake, hakuna neno hata moja. Nikaziacha zikauke kwenye meza ndefu.

Jumamosi asubuhi nikaosha rola, nikatia nyekundu, nikafunga pleti, nikajaribu karatasi moja. Ilitoka safi. Uso, Kiberiti, Judith Nekesa, birika, jina la duka. Nikaiweka kwenye stuli niitazame kwa mwanga wa dirisha.

Nikasikia hatua za watu kwenye ngazi. Mteja wetu hupanda akilalamika, hawa walipanda kimya. Sijui niliogopa nini, lakini nilikaa. Nikaikalia ile karatasi.

Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na kofia ya pamba na jino la dhahabu, mwingine kijana wa kunyoa kichwa, anatafuna kitu. Mwenye duka alikuwa ameenda ushago, kijijini kwao, kwa hivyo ni mimi na Atieno.

"Wazee wa kazi, mambo?" akasema yule wa kofia. "Tunatafuta rafiki yetu. Kiberiti. Tumesikia anachapiwa River Road."

"Hapa ni kadi za harusi," nikasema.

"Si umesema River Road yote, buda," kijana akamwambia mwenzake. "Hii ni ya kumi na moja leo."

Yule wa kofia akaenda kwa meza ndefu. Akaona uso elfu moja. Akainua mmoja. "Na huyu mrembo?"

Sikufikiria. Bango lenye picha nyeusi na halina maneno, sisi sote tunajua linafanana na nini. Mdomo ukasema wenyewe.

"Marehemu."

Akavua kofia. Haki ya Mungu alivua kofia. "Pole. Aliugua nini?"

"Nimonia."

"Na mdogo hivi. Mnazika lini?"

"Jumamosi ijayo."

Kijana akaacha kutafuna. "Karatasi yote hii ya mazishi? Huyo alikuwa askofu?"

Atieno, bila kuinua macho, mikono yake yote iko chini ya meza, akasema, "Alikuwa anafunza kwaya. Kwaya saba. Wewe ukifa utachapiwa hata robo ya hizi?"

Yule wa kofia akacheka, akampiga mwenzake bega. Nikadhani wanaenda. Akaja kwa mashine.

Mnajua blanketi linavyosimama ukisimamisha mashine vibaya. Lilikuwa limeangalia nje, na juu yake wino mbichi, jina lote, limegeuka. Nikatupa kitambaa juu ya yale maneno madogo, kama mtu anayefuta. Yale makubwa sikuweza kuyafikia bila kuinuka, na nikiinuka nimeonyesha karatasi.

Akainama. Akaweka kidole karibu na mpira. Sasa mnisikilize nyinyi wa mashine. Geuza KIBERITI ukianzia mwisho: I haibadiliki kwenye kioo. T haibadiliki. Akasoma kwa sauti, "I... T... I..." Kisha akafika kwa R iliyogeuka, akakunja uso. "Iti nini hii?"

Mimi nilikuwa nalisoma neno lote. Nilikuwa nalisoma waziwazi kama jina langu. Nilidhani kila mtu duniani analisoma.

"Ni wino wa kuosha," nikasema. "Unaacha alama."

"Nilidhani ni Kihindi."

"Hapana, ni uchafu."

Akasimama. Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Akarudi kwa meza, akachukua uso mmoja, akaukunja mara nne, akautia mfukoni. "Nitamwombea," akasema, sijui kwa kejeli au kwa kweli. Wakashuka.

Atieno akatoa mikono chini ya meza. Simu ilikuwa ndani. Alikuwa amemwandikia Nekesa asipande, angoje kwenye hoteli ya pembeni. Akaniangalia. "Guka! Umemuua mtoto wa watu mchana kweupe!"

"Nyamaza."

"Mtu hamtajii kifo mtu aliye hai hivyo. Hata pale kwenu hamfanyi hivyo."

"Nimesema nyamaza, Atieno." Alikuwa na haki. Nilikuwa nimetamka, na sikuweza kurudisha.

Akashuka kwenda kukaa na msichana, wanywe chai, mimi nimalize. Nikabaki na mashine. Nikawaza: wana uso wake mfukoni. Bango likibandikwa Jumatatu watalinganisha, watajua ni yeye, na watajua nani alidanganya. Kiberiti wataona, hilo haliepukiki. Lakini nikiwapa na Nekesa nimewapa kitambulisho, ofisi, nyumba, kabila. Nikiwapa mstari wa chini nimewapa ngazi yetu hata wale waliowatuma.

Kuna ile kalamu ya dawa tunayofutia doa kwenye pleti. Nilifuta Judith Nekesa. Ilichukua muda mfupi kuliko kumaliza kikombe cha chai. Kisha nikafuta jina la duka. Barasa alikuwa amekufa miaka mingi, lakini nilitazama mlangoni.

Nikapitisha mia tisa tisini na kitu, nikafunga kwa karatasi ya kaki, nikakaza kamba sana. Nekesa alikuja saa nane na mkokoteni. Alikuwa ameambiwa habari ya wale watu, lakini alinipa mkono wote. "Asante mzee. Nimesikia umenizika."

"Fungua uone," nilipaswa kusema. Mfano wa bango alikuwa ameukubali Alhamisi kwenye kompyuta, hakuwa na sababu ya kufungua. Sikusema. Mabango yalibandikwa na vijana wa kukodi, na alipoyaona yalikuwa yamejaa kila nguzo, na muda wa kuchapa mengine umeisha.

Siku ya kura tulipanga foleni mimi na Musyoka kwenye shule moja ya huko kwetu. Yeye alikuwa mbele yangu watu wawili. Alinyoa, akavaa koti. Akapewa karatasi zake, akasimama, akazigeuza mbele na nyuma akitafuta jina, alama za vyama hazitazami. Akamuuliza karani, "Kiberiti ako wapi hapa?"

"Hakuna mtu anaitwa hivyo, mzee."

"Ako. Nimeona mabango."

"Mzee, piga kura, watu wanangoja. Kiberiti nunua kwa duka." Watu wakacheka.

Mimi nilikuwa hapo. Ningesema maneno mawili tu, Judith Nekesa, au birika. Nilijiambia ni makosa kumtajia mtu mgombea ndani ya kituo, na ni makosa kweli. Lakini sikunyamaza kwa sababu hiyo. Nyuma yangu kulikuwa na kofia ya pamba, na sikugeuka kuona ni ya nani. Mpaka leo sijui.

Musyoka alitoka akinipita. "Wamemtoa," akaniambia polepole. "Wamemtoa usiku huu."

Hakushinda. Hakukaribia. Baadaye niliambiwa na mtu aliyekuwa ndani wakati wa kuhesabu kwamba kulikuwa na karatasi watu wameandika kwa mkono, KIBERITI, zikawekwa na zile zilizoharibika. Nilimuuliza zilikuwa ngapi. Akasema hakuna mtu alizihesabu.

Januari ile ya machafuko baada ya kura siielezi, mnaijua. Watu walisimamishwa barabarani wakaulizwa majina yao ili wajulikane kabila. Mimi nilikaa chumbani nikifikiria jina moja, na kama kuna mtu aliyejua nyumba ya mwenye hilo jina.

Mwezi wa nne, siku ya kazi, saa nne asubuhi, nikasikia hatua kwenye ngazi. Alikuwa Nekesa, mzima, na sweta ile ile. Akatandaza bango moja juu ya meza, limefifia kwa jua.

"Mzee, jina langu lilienda wapi?"

Sikumdanganya. Nilimwambia kalamu, dawa, kila kitu. Nilimwambia nilifikiria wale watu, na nilifikiria mambo yale ya baadaye kabla hayajafika. Nikasema, "Pengine nilikuokoa."

"Pengine," akasema. "Walikuja kwa ploti, zile nyumba ninakopanga, Januari. Walikuwa na picha, haina jina. Mama mwenye nyumba akawaambia hanijui. Sijui wangefanya nini wakiwa na jina, na wewe hujui." Aliweka kidole chini ya bango, pale patupu. "Hata jina la duka. Ulinifuta mimi ukajifuta na wewe."

"Niliogopa, mama."

"Mimi niliogopa mwaka mzima na nikakuletea picha." Alikuwa hapigi kelele, heri angepiga. "Nilikuja kuchapiwa, mzee. Sikuja kuokolewa."

Akaacha bango hapo mezani akashuka. Nasikia alirudi kuandika, kwa jina la kitambulisho, na sasa wanaomsoma ni wachache. Atieno ndiye humfuatilia. Mimi sijamwona tena.

Basi ndiyo hiyo. Kazi ya rola na wino mtafundishana wenyewe, mko na mikono kunishinda. Ndani ya bahasha niliyompa Atieno kuna karatasi moja, imekunjamana katikati kwa sababu niliikalia. Ni ile ya majaribio. Duniani ni hiyo moja tu yenye kila kitu: uso, Kiberiti, Judith Nekesa, birika, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina letu na mtaa wetu. Nimeificha chini ya godoro miaka hii yote. Ibandikeni ukutani juu ya mashine, mahali mtu akipanda ngazi anaiona. Mkiogopa, mnirudishie. Nitaelewa, na nitairudisha chini ya godoro.